Hakuna Bukle Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Nimechelewa darasani, ila kwa sababu ya maana. Nilikuwa naanika mashine yangu ya fotokopi juani. Tangu ziwa lilipopanda likaingia dukani kwangu Kimanga bila hodi, mashine haijasema neno. Yaya Mwamvua, dada yangu mkubwa ninayekaa kwake hapa Rugenge, Uvira, anasema imekufa na nitafute pa kuizika. Mimi nasema imelala. Leo nimeiwasha. Imetoa moshi, halafu ikatoa ndagala mmoja mkavu, samaki mdogo wa ziwani. Kwa hiyo inatoa kitu!

Nilipofika, Madame Geneviève, mwalimu wetu wa programu, alikuwa anamalizia kueleza mashindano. Jambo kubwa, wenzangu wamenisimulia baadaye kwa ufupi! Kuna mradi unaweka kisanduku ufukweni cha kupima ziwa. Kipimo kilichomo kinatoa namba isiyoeleweka, programu inaipokea, inaipitisha kwenye hesabu fulani, inatoa kimo cha maji kwa sentimita. Mwenye programu bora Jumamosi anapewa kazi ya kukitunza kisanduku. Mshahara, koti la mvua, na ufunguo. Mimi na ufunguo wa ziwa! Ziwa lililonila duka litakuwa linanipa taarifa kila asubuhi.

Maelezo yote ya mwanzo yamenipita. Nilichokuta ni sentensi ya mwisho, Madame akipiga meza: "Na bukle, minye sitaki kuona hata moja. Mutu atakuya na bukle, anatoka inje!"

Nikajishika masikio. Safi. Bukle ni herini, na mimi sijawahi kuvaa herini tangu nizaliwe. Sijaandika hata mstari mmoja, na tayari niko mbele ya nusu ya darasa!

Kwa kuwa mimi si mtu wa kukisia, nilimfuata Madame mlangoni nikamuuliza kama hata bukle ndogo zimekatazwa. Akasema hata ndogo, zikijificha atazifichua. Nikauliza, na mtu akiwa na mbili? Akasema mbili ni balaa, hasa moja ikiwa ndani ya nyingine. Nimewaza njia nzima ni nani huko mjini anayevaa herini ndani ya herini. Lakini Madame amesoma Bujumbura, ameona mengi.

Sababu naijua. Herini ni chuma, kisanduku ni cha umeme. Chuma na umeme havielewani. Hakuna aliyenieleza, nimeitoa mwenyewe kichwani.

Yaya amesema nikikosa kazi hii, Jumatatu ijayo napanda gari la Katogota, kwa mjomba Abdoul-Karim, nikafukuze ndege kwenye mpunga. Nina miaka ishirini na tisa. Nilimwambia mtu wa kompyuta hafukuzi ndege. Akasema ndege hawajui kama weye ni mutu ya kompyuta.

Jumanne, 4 Juni

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya ndege. Ni mabano!

Madame aliacha ubaoni hesabu ya mfano: 2x³ + 3x² + x + 5. Hii naielewa, tuliisoma sekondari, inaitwa polinomu. Chini yake aliandika ileile kwa sura nyingine: ((2x + 3)x + 1)x + 5. Mabano ndani ya mabano. Ya nini? Nani ameyatia humo? Yanatokaje? Niliyanakili, nikayatazama, nikageuza karatasi, nikayatazama tena.

Asubuhi, yaya akiwa sokoni, niliona sufuria zake zimepangwa, ndogo ndani ya kubwa. Nikapiga kelele peke yangu.

Nikazipanga mezani. Sufuria ndogo nikatia maharagwe mawili. Nikasema x ni mbili. Basi: yaliyomo yazidishe kwa x, yamwage kwenye sufuria inayofuata, ambako tayari kuna matatu yanayosubiri. Saba. Zidisha, mwaga penye moja. Kumi na tano. Zidisha, mwaga penye matano. Thelathini na tano! Nikafanya kwa njia ndefu ya sekondari, mraba na mchemraba na jasho. Thelathini na tano!

Hakuna mchemraba. Hakuna mraba. Kila sufuria haijui chochote ila mambo mawili: kilichotoka ndani, na chake yenyewe. Inazidisha, inaongeza, inapeleka nje. Sufuria kubwa haina habari kabisa kwamba ndani kabisa kulikuwa na maharagwe mawili. Kwa nini hili linanifurahisha hivi? Sijui. Nimekaa nikicheka kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nikajaribu x ni tatu. Themanini na tisa. Sawasawa! Nikajaribu x ni tano, maharagwe yakaisha yakiwa bado, nikaongeza mchele, mchele ukaisha, nikaongeza ndagala. Yaya akarudi akakuta chakula cha jioni kimechanganyika chote kwenye sufuria kubwa. Nilimweleza kuwa hiyo ni polinomu. Akasema basi uikule.

Nimeila. Ina mawe kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeiandika programu! Nimetengeneza fonksyoni moja tu, yaani kipande cha programu ambacho ukikipa namba kinakurudishia namba. Nimekiita sufuria. Kinachukua kilichotoka ndani, kinazidisha kwa x, kinaongeza chake. Halafu mstari mmoja:

sufuria(sufuria(sufuria(2, 3), 1), 5)

Inaanza kupika kutoka ndani, inatoka nje. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya darasani. Inafanya kazi! Nilitaka kumwita mtu aone, lakini aliyekuwepo ni Concilie.

Huyu Concilie nimwandike vizuri, maana ndiye tatizo. Baba yake na kaka zake ni wavuvi wa Kalundu. Anamaliza zoezi kabla mimi sijapata kiti. Hajisifu, jambo linaloudhi zaidi. Leo alinisalimia, akauliza naendeleaje, nikaficha kompyuta kwa kiwiliwili changu chote. Akauliza kama naumwa tumbo.

Ndipo nikatazama masikio yake. Matundu yapo, herini hazipo! Mtu mwenye matundu ana herini mahali fulani. Amezivua. Kwa hiyo naye alisikia onyo la Madame, amejiweka tayari. Mjanja!

Lakini mjanja naye ana mjanja wake. Mwanamke aliyezivua herini anaweza kuzivaa tena, akipewa zilizo nzuri zaidi, na mtu anayeonekana mwema.

Mimi naonekana mwema. Watu wengi wamewahi kusema.

Alhamisi, 6 Juni

Yaya Mwamvua ana herini za dhahabu, pana, zenye umbo la jani. Alizivaa siku ya ndoa yake. Marehemu bibi alizirithi kwa mama yake, na mama yake kwa watu waliokuja na misafara ya ziwani zamani. Ziko kwenye kopo la biskuti, chini ya vitenge. Yaya hazivai ila Idi. Idi ni baada ya wiki. Jumamosi jioni zitakuwa zimerudi kwenye kopo. Hii si kuiba. Hii ni kuazima bila kelele.

Mchana nimemngoja Concilie nje ya darasa. Nikamwambia kwetu ni desturi kumtakia heri mpinzani kwa kumwazima herini. Herini za heri! Nimeitunga hapo hapo, hata mimi nimeipenda. Nikamwomba azivae Jumamosi, kwa ajili ya bahati.

Ameinamisha uso. Nikadhani ameshtukia. Kumbe macho yamejaa machozi. Akasema zake aliziuza mwezi wa nne, maji yalipochukua nyumba yao, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza kama ana chochote. Akasema, "Djamali, weye uko na roho nzuri." Akaniahidi atazivaa.

Kwa hiyo hakuzivua kwa sababu ya onyo. Hili limenichoma kidogo. Nimejisikia vibaya kuanzia pale hadi kwenye daraja la Mulongwe. Halafu nikakumbuka ndege wa mpunga, nikapona.

Jumapili nitamwomba msamaha. Mwenye kazi huomba msamaha vizuri zaidi kuliko asiye na kazi.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya swala nimemtumia Alimasi programu yangu. Alimasi ni binamu yangu, fundi kompyuta Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na yote ninayojua nje ya darasa nimeyapata kwa sauti zake za simu. Nilitaka anisifu tu.

Amecheka dakika nzima. Nimehesabu, maana vifurushi nalipa mimi. Akasema, "Sufuria tatu za nini, bwana? Osha moja, irudishe motoni! Tumia kitanzi." Kitanzi, kwa watu wa Kigoma, ni kuiambia kompyuta irudie kazi ileile mpaka uiambie basi. Zunguka, zidisha, ongeza, zunguka tena. Nikaona aibu. Jamaa wa mradi wataona sufuria zangu zimepangana kama jikoni kwa shangazi!

Jina lenyewe silipendi. Kitanzi ni cha kunyongea mtu. Sisi hapa Uvira sijui tunakiitaje, Madame alikifundisha wiki ile nilipokuwa nikitoa maji dukani. Haidhuru. Kitu kizuri hakina haja ya jina.

Nimefuta sufuria zote. Nilipobonyeza, moyo uliniuma kidogo, maana nilizipenda. Lakini mtaalamu hapendi, mtaalamu anaboresha. Nimeandika kitanzi kimoja kinachopita kwenye namba za polinomu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na nguvu, nikakitia ndani ya kitanzi kingine kinachopima ziwa saa zote za siku. Kitanzi ndani ya kitanzi! Alimasi mwenyewe amesema sasa hiyo ndiyo programu ya mwanaume.

Concilie hana habari. Kesho atakuja anang'aa, na atatolewa anang'aa.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa uani. Ndani siingii.

Nianze mwanzo. Nilifika mapema. Masikio nimeyaosha kwa sabuni. Concilie akaingia amevaa kitenge cha bluu na herini za yaya. Zilimpendeza. Siwezi kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe, zilimpendeza sana. Nikamtazama Madame Geneviève, nikingoja apige meza.

Madame akamsifu! Akasema leo Concilie amekuja kama bibi harusi. Nikawaza, anamwacha ajichimbie, atamtoa mwishoni mbele ya watu wa mradi.

Concilie akaonyesha programu yake. Fonksyoni ndani ya fonksyoni ndani ya fonksyoni. Nikanyoosha shingo. Zilikuwa sufuria zangu! Si zangu, hajawahi kuziona, lakini ndugu zao kabisa. Mabwana wa mradi wakatia namba, kimo kikatoka. Wakaandika kitu. Madame akatabasamu. Na hakumtoa!

Ikafika zamu yangu. Madame akafungua kazi yangu, akasoma, uso ukabadilika. Akasema, "Weye Djamali. Iko bukle humu. Tena iko mbili. Moja ndani ya ingine!"

Nikainama nikaangalia chini ya kompyuta kama kuna herini imeanguka. Nikajishika masikio. Na hapa, ee daftari, ningekaa kimya ningeokoka. Sikukaa kimya. Nikasema kwa sauti ya watu wote, "Madame, minye sina bukle! Angalia masikio yangu! Mwenye bukle ni Concilie, na ulisema atolewe inje!"

Bwana mmoja wa mradi akavua miwani. Halafu darasa zima likapasuka kwa kicheko. Madame hakucheka. Akaeleza polepole, kama anavyoeleza mtoto, kwamba bukle aliyoikataza si ya masikio, ni pale programu inapozunguka na kurudia. Kile kisanduku ni cha bei rahisi, kinapokea mstari mmoja tu wa fonksyoni, kurudia hakijui. Ndiyo maana Jumatatu alitumia saa nzima kueleza namna ya kuhesabu polinomu bila bukle. Saa nzima ile niliyokuwa naanika fotokopi.

Kitanzi. Bukle. Ng'ambo ya ziwa wanakiita hivi, huku wanakiita vile, na mimi nimesimama katikati nimejinyonga nacho.

Nilidhani mambo yameisha. Mlangoni akasimama yaya Mwamvua na termosi ya chai, amekuja kuniombea dua. Akasikia neno bukle. Akatazama masikio ya Concilie. Chai ikamwagika.

"Na hizo bukle ni zangu za ndoa!"

Concilie akapeleka mikono masikioni. Akazivua, moja, kisha nyingine, akazifuta kwa pembe ya kitenge, akaziweka mkononi mwa yaya. Ndipo akanigeukia, bila kupandisha sauti: "Ulinipatia hizi juu wanifukuze?"

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini. Nilisema ndiyo, maana sikuwa na akili iliyobaki ya kutunga.

Yaya akanitazama. Akamtazama Concilie. Akachukua herini moja akaisogeza tena kwenye sikio la Concilie, akapima kwa jicho. Akasema siku ya Idi aje nyumbani, atamvalisha mwenyewe, maana mimi ndugu yake nina macho mazuri ingawa juu ya macho hamna kitu.

Watu walipotoka nilimwambia Madame kwamba nilikuwa na programu nyingine. Hakuamini. Nikachukua chaki nikaiandika ubaoni: sufuria ndani ya sufuria ndani ya sufuria. Nikamweleza maharagwe, namna sufuria kubwa isivyojua habari za sufuria ndogo. Madame akaifuata hesabu kwa kidole, kutoka ndani hadi nje. Akasema amefundisha hili miaka mingi na hajawahi kulieleza vizuri hivyo. Nikauliza kama basi kazi ni yangu.

Akasema, "Hapana, Djamali. Ungeleta masufuria."

Jumatatu, 10 Juni

Gari la Katogota. Nimekaa katikati ya magunia na kuku wawili wa mama mmoja. Kuku hawanitazami. Yaya amenifungia maharagwe kwenye kikapu, akasema nisiyahesabu.

Kabla ya Luvungi simu imelia. Ujumbe wa Concilie. Amepewa ufunguo. Leo asubuhi amepima ziwa kwa mara ya kwanza, na limeshuka kidogo. Chini ameandika kwamba Madame amemsimulia maharagwe yangu, na fonksyoni iliyo kwenye kisanduku ameibadilisha jina. Ameiita sufuria. "Ni yako," ameandika. "Lakini bado nimekasirika."

Nimeusoma mpaka mtandao ukakatika. Nimefurahi hata kuku mmoja akaniogopa.

Nimejifunza. Naandika hapa kwa kalamu ya wino: kuanzia leo neno nisilolijua nitaliuliza kwanza.

Alhamisi, 13 Juni

Ndege wa Katogota ni wengi kuliko nilivyoambiwa, na hawaogopi kompyuta. Nimefunga kamba kwenye kopo, kopo kwenye kamba nyingine, kamba hiyo kwenye kopo kubwa zaidi. Navuta moja, zinalia zote. Mjomba Abdoul-Karim amekuja kutazama, akauliza kwa nini sipigi kelele kwa mdomo kama watu. Hajui anachokiona.

Lakini habari kubwa ni nyingine. Jana kulikuwa na mkutano wa ushirika wa mpunga. Wamegombana na majirani juu ya mfereji wa maji, na kesho wanakwenda mbele ya hakimu. Papa Emery, prezida wa ushirika, akasimama akasema shida yao ni moja: hawana avoka. Wanahitaji avoka mmoja mzuri, aliyeiva, wa kusimama nao kwa hakimu na kuwatetea. Atakayewapatia, watamfanya katibu wa ushirika. Katibu! Kiti, meza, kivuli, na ndege wafukuzwe na mwingine!

Wazee wote wakainamisha vichwa, eti avoka watamtoa wapi kwa siku moja. Nikashangaa. Katogota nzima hawajui pa kupata avoka, yaani maparachichi? Pale barabarani Luvungi yamejaa mabeseni!

Nilikumbuka ahadi yangu, nikauliza kwanza. Nilimwuliza Papa Emery, avoka kweli? Akasema avoka kweli. Nikauliza, aliyeiva? Akasema aliyeiva kabisa, mbichi atatuangusha. Wanamsema kama mtu, lakini Kiswahili cha bondeni kina mambo yake. Kumbe kuuliza ni kitu rahisi hivi!

Sikumwambia mtu, wasije wakaniwahi. Nimekwenda Luvungi kwa miguu, nimerudi na beseni zima. Wao wanataka mmoja, mimi nawaletea arobaini. Nimeyabonyeza moja moja kwa kidole gumba, yote laini. Nimeyafunika kwa majani ya mgomba, kesho asubuhi nitayabeba kichwani mpaka kwa hakimu.

Nimetia na chumvi.